Matembezi ya Afya Yasiishie Kwenye Fulana

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Walikusudia kumkanya mzururaji, yule anayezunguka vijiji na mitaa pasi na shughuli maalumu hadi jua likamchwea akiwa hana alichochuma ila uchovu. Methali hiyo imekita mizizi katika fikira zetu huku Trans Nzoia na Bungoma. Mtu mzima anayeonekana akitembea barabarani, hana jembe begani wala kikapu mkononi, huulizwa kuna nini. Akiwa mwalimu au karani, majirani hunong'ona kwamba ameishiwa, maana aliyejaliwa hupanda pikipiki hata kama aendako ni hatua mia tatu tu kutoka mlangoni pake.

Ndiyo sababu inanipa moyo kuona wakazi wa Kitale na Bungoma wakianza kujikusanya vikundi vikundi, hasa asubuhi za mwisho wa juma, ili watembee pamoja kwa ajili ya afya zao. Wamo akina mama wa sokoni, wamo wastaafu, wamo vijana wa maofisini walioanza kuota vitambi kabla ya kuota mvi. Wengine wamevaa viatu vya raba, wengine wamevaa malapa. Wanapita wakizungumza na kucheka, na bodaboda huwapigia honi kwa mshangao. Jambo hili ni jema, na anayelidharau hajui thamani yake.

Hata hivyo, ninalo neno la kusema kabla furaha haijatulevya. Nimeona mara nyingi jinsi mipango mizuri inavyozaliwa kwa vifijo na kufa kwa ukimya. Huja mgeni wa heshima, hugawa fulana, hutembea nusu kilomita huku akipigwa picha, husoma hotuba, kisha huingia garini. Juma linalofuata hakuna anayetembea. Hoja yangu leo ni kwamba matembezi ya afya yatatufaa ikiwa tu yatafanyika kila juma, yataandamana na vipimo vya afya, na yatapewa njia salama ya kupita. Yakikosa mambo hayo matatu, yatabaki kuwa tamasha.

Tuanze na ukubwa wa balaa lenyewe. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kwanza wa kitaifa kuhusu mambo yanayochochea magonjwa yasiyoambukiza. Ilibainika kwamba karibu asilimia 24 ya watu wazima wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Hao ni takribani mtu mmoja katika kila wanne. Lililonitia hofu zaidi ni kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani mwao. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu yetu tulikuwa tukitembea na bomu kifuani bila kujua kama lipo au halipo.

Tangu hapo mambo hayajapungua makali. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kama thuluthi moja ya wanawake walio katika umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uchunguzi wa aina hiyo wa mwaka 2022 ulikuta kiwango hicho kimefika asilimia 45. Mkakati wa taifa wa kupambana na magonjwa haya, uliotolewa mwaka 2021, ulikadiria kwamba ndiyo yanayosababisha asilimia 39 ya vifo nchini. Tulizoea kuamini kwamba kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo ni maradhi ya mabwanyenye wa Nairobi. Leo yamebisha hodi Kiminini na Chwele, Kimilili na Kwanza, nasi tumeyafungulia mlango.

Kila msomaji anajua jinsi yanavyoingia. Baba wa watu, aliyekuwa mzima jioni, huamka akiwa mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hauinuki. Familia hukimbilia hospitali, kisha hukimbilia kwa jamaa. Ng'ombe huuzwa, kisha shamba hukodishwa, kisha kadi za harambee husambazwa. Watu wetu ni wakarimu mno kwa mgonjwa na kwa maiti, nao hujitolea hata wasichokuwa nacho. Lakini ni nani amewahi kuitisha harambee ya kununua mashine moja ya kupima shinikizo la damu kwa ajili ya kijiji kizima? Tunachanga kwa ukarimu baada ya nyumba kuanguka, na hatutoi senti moja kuziba ufa.

Hapa nataka msomaji asimame nami kidogo, kwani takwimu za mwaka 2015 zina fumbo ndani yake. Uchunguzi ule ule uliokuta mtu mmoja katika wanne ana shinikizo la juu la damu uligundua pia kwamba ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima ambao hawakuwa wakifikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Wengi wetu tulikuwa tukilima, tukichota maji, tukibeba mizigo na kutembea. Ikiwa basi tunatembea sana, mbona tunaugua sana?

Jibu la kwanza ni kwamba miguu peke yake haitoshi. Chumvi tunayonyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kutiwa chumvi, mafuta ya kukaangia yanayotumika siku tatu mfululizo, vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai, pombe, sigara, na wasiwasi wa karo na madeni, vyote hivyo havifutwi na mwendo wa asubuhi. Tena shinikizo la damu hurithiwa, na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mama wa Cherang'any anayetembea kilomita nyingi akiwa na kuni kichwani hahitaji mtu wa kumhubiria kuhusu kutembea. Anachohitaji ni mtu wa kumpima, kumweleza hali yake, na kumpa dawa kwa bei anayoimudu. Kumpa fulana ya matembezi na kumwacha bila kipimo ni kumfanyia dhihaka.

Jibu la pili ni kwamba hatutembei sote kwa usawa, na wale walioacha kutembea wanaongezeka mijini kila uchao. Kumbuka, msomaji, jinsi bodaboda ilivyoanza. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, ambako vijana walivusha abiria kwa baiskeli. Kwa miaka mingi baiskeli hizo zilikuwa ndizo usafiri wa Bungoma, na kijana aliyezikanyaga kutoka asubuhi hadi jioni alikuwa na misuli ya chuma. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ziada ya thamani kwa pikipiki ndogo, na mambo yakageuka. Pikipiki zilijaa kila njia panda. Sina nia ya kuzilaani, kwa kuwa zimewapa maelfu ya vijana riziki na zimewafikisha waja wazito hospitalini usiku wa manane. Lakini yule aliyekuwa akikanyaga baiskeli sasa ameketi kutwa kucha, na abiria aliyekuwa akitembea hadi sokoni naye ameketi nyuma yake.

Madhara ya kuketi yalitambuliwa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa usafiri wa London, Uingereza. Waliwalinganisha madereva wa mabasi, ambao walishinda wameketi, na makondakta wao, ambao walishinda wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikusanya nauli. Watu hao walifanya kazi katika gari lile lile, katika mji ule ule. Hata hivyo, makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Nikiitazama stendi ya Kitale au ile ya Bungoma, nawaona madereva wa London wamejaa tele. Yupo dereva wa matatu, yupo mwendesha bodaboda, yupo mwenye duka asiyeondoka kwenye kiti chake, yupo wakala wa kutuma pesa aliyebanwa katika kibanda, na yupo karani wa kaunti anayesukuma karatasi hadi saa kumi na moja. Watu hawa ndio wanaohitaji matembezi ya afya, na ndio wasioyapata.

Je, watembee kiasi gani? Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2020 yanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Wapo wanaotishwa na habari za hatua 10,000 kila siku, wakadhani kwamba asiyefika hapo amepoteza wakati. Hesabu hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa nchini Japani katika miaka ya 1960, ambacho jina lake lilimaanisha kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa lugha ya biashara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani wapatao 17,000 ulionyesha kwamba waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba nafuu hiyo iliendelea kuongezeka hadi kiasi cha hatua 7,500. Nyanya wa Kitale asikate tamaa, basi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ikumbukwe pia kwamba kutembea hakuchukui nafasi ya dawa. Nimesikia watu wakijigamba kwamba tangu waanze mazoezi wameacha vidonge vyao vya shinikizo la damu. Huo ni mchezo wa kuchezea shimoni. Anayetumia dawa aendelee nazo mpaka daktari atakapoamua vingine, na anayebanwa na kifua au kuishiwa na pumzi asiingie katika msafara kabla ya kuonwa na mganga.

Nikirudi kwenye vikundi, nadhani nguvu ya matembezi haya imo katika neno hilo hilo, kikundi. Mtu akiazimia peke yake kuamka saa kumi na mbili asubuhi katika baridi ya Kitale, mji ulioinuka karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, blanketi humshinda siku ya tatu. Akijua kwamba wenzake watano wanamngoja langoni na kwamba asipotokea watamuuliza, huamka. Mwaka 2005 daktari wa moyo aitwaye David Sabgir, wa mji wa Columbus nchini Marekani, alichoka kuwaambia wagonjwa wake wafanye mazoezi huku wakiitikia bila kutenda. Akawaalika watembee naye bustanini. Wakaja. Mpango huo ulienea katika miji mingi, kwa sababu mgonjwa aliyeona taabu kumtii daktari ofisini aliona raha kutembea naye njiani na kumuuliza maswali yake bila woga.

Hata hapa kwetu tuna mfano ulio karibu zaidi. Wataalamu wa mpango wa AMPATH, unaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, walifanya majaribio magharibi ya Kenya na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Waliwashirikisha watu karibu 2,900 wenye kisukari au shinikizo la juu la damu, katika maeneo ya vituo 24 vya afya. Baadhi yao waliendelea na matibabu ya kawaida, wengine walikutana na wahudumu wa afya kwa vikundi, wengine walijiunga na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na wengine walipata yote mawili. Shinikizo la damu lilishuka kwa wote, na lilielekea kushuka zaidi kwa waliokutana vikundini, ingawa tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watafiti watoe kauli ya mwisho. Fundisho ninalopata ni kwamba chama, kile kile tunachokitumia kununuliana sufuria na kulipiana karo, chaweza kubeba pia habari za afya.

Na vyama tunavyo tele. Hakuna mtaa wa Kitale wala kijiji cha Bungoma kisichokuwa na chama cha akina mama, chama cha mazishi, kwaya, kikundi cha msikitini au chama cha ushirika cha maziwa. Vyama hivi vina mwenyekiti, vina mweka hazina, vina daftari na vina faini kwa anayechelewa. Kwa nini tuunde shirika jipya lenye ofisi na gari, ilhali chama cha Jumamosi chaweza kutembea nusu saa kabla ya kuketi kuhesabu akiba? Mjumbe asiyetembea atozwe faini kama asiyeleta mchango wake. Huo utakuwa mpango wa afya usiohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Jirani zetu wametangulia hatua kadhaa. Visiwani Zanzibar, tarehe 1 Januari ya kila mwaka vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa ajili ya Siku ya Mazoezi ya Kitaifa. Tanzania Bara, Desemba 2016, aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Jiji la Kigali nchini Rwanda lilianza Mei 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili asubuhi, mara moja kwa mwezi, na mwaka 2018 ikawa mara mbili kwa mwezi, ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli, na wanaotaka wapimwe afya zao. Uganda nayo iliadhimisha siku yake ya kwanza ya kitaifa ya mazoezi ya mwili Julai 2018. Katika mifano hiyo yote, ule wa Kigali ndio unaonivutia zaidi. Mji ule haukuishia kuwaambia wananchi watembee. Uliwapa mahali pa kutembea, siku inayojulikana, na kipimo pale pale.

Hapo ndipo panaponifikisha kwenye jambo linaloniudhi. Tunawahimiza watu watembee, lakini watembee wapi? Anayetoka Kiminini kuelekea Kitale kwa miguu hubanana na malori ya mahindi, matatu zinazopitana, na pikipiki zilizogeuza ukingo wa barabara kuwa njia yao. Mvua ikinyesha, na huku kwetu hunyesha kuanzia masika hadi karibu na mavuno, ukingo huo huwa tope na mitaro huwa mito. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na waendao kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaouawa. Mama anayeacha kutembea alfajiri kwa kuhofia gari au wahuni wa gizani si mvivu. Ni mwenye busara ambaye serikali haijamtimizia wajibu wake.

Wajibu huo umeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti huduma za afya za kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani, pamoja na michezo na bustani za mapumziko. Barabara kuu itokayo Webuye hadi Kitale iko mikononi mwa serikali kuu, nayo isijitoe lawamani. Waziri wa afya wa kaunti na mwenzake wa barabara huketi katika baraza moja. Ni ajabu kwamba mmoja anawaambia wananchi watembee huku mwingine akijenga barabara kana kwamba Mungu aliwaumba wanadamu wakiwa na magurudumu.

Mahali pa kuanzia hapakosekani. Kitale ina Makumbusho yake, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1974, yenye njia ya kutembea katika msitu wa miti ya asili. Bungoma ina uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, ambao taifa zima liliuona ulipoandaa sherehe za Madaraka mwaka 2024. Ikiwa uwanja uliweza kutengenezwa kwa ajili ya gwaride la siku moja, milango yake yaweza kuachwa wazi asubuhi mbili kwa juma kwa ajili ya wazee na akina mama, bila ada, na askari wawili wakawepo langoni.

Kuhusu vipimo, nyenzo pia zipo. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa, miongoni mwavyo mashine ya kupima shinikizo la damu na kipima sukari. Kila mmoja wao hutarajiwa kuhudumia takribani nyumba 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti hugawana kulipa. Mhudumu huyu hupoteza siku nzima akibisha hodi penye milango iliyofungwa kwa sababu wenyewe wamekwenda shambani au sokoni. Mkutanishe na kikundi cha matembezi kila Jumamosi saa moja asubuhi kwenye zahanati, naye atawapima watu thelathini kabla ya chai. Aandike matokeo daftarini. Aliyezidi kiwango apelekwe kwa mganga siku iyo hiyo, asiambiwe arudi mwezi ujao. Na kaunti iilipe posho yake kwa wakati, maana mwenye njaa hawezi kuhesabu mapigo ya moyo ya mwenziwe.

Nikijumlisha, hii ndiyo thamani kuu ninayoiona katika matembezi ya pamoja. Mwendo wenyewe ni mzuri kwa moyo, kwa sukari na kwa usingizi. Lakini zaidi ya hayo, huwaleta pamoja kila juma watu wale wale, mahali pale pale, kwa hiari na kwa furaha, na hivyo kufungua mlango ambao hospitali zetu zimeshindwa kuufungua kwa miaka mingi. Mwanamume wa huku kwetu haendi kupimwa akiwa mzima. Atakuambia hospitali ni ya wagonjwa. Lakini mwanamume huyo huyo akitembea na wenzake na kuona kila mmoja ananyosha mkono apimwe, atanyosha wake, walau asionekane mwoga.

Yapo maneno ya aibu ambayo hatuna budi kuyaondoa vinywani mwetu. Tusimcheke mama mnene anayejikokota nyuma ya wenzake, kwani yeye ndiye shujaa wa msafara. Tusiseme kitambi ni dalili ya neema. Tusimdhanie mwalimu anayekwenda kazini kwa miguu kuwa amefilisika. Sisi ni watu tunaojivunia wanariadha wetu. Marehemu Ben Jipcho, mzaliwa wa Mlima Elgon, alishinda dhahabu mbili katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, na jina lake lingali linatajwa kwa fahari. Lakini fahari ya mbio za mwingine haisafishi mishipa ya damu ya anayetazama akiwa kochini na soda mkononi.

Kwa viongozi nina ombi fupi. Mkija kutembea nasi, njooni bila ving'ora, bila vipaza sauti na bila fulana zenye sura zenu. Njooni juma la pili, na la kumi, wakati ambapo wapiga picha wamekwisha kurudi Nairobi. Kisha rudini ofisini mtenge fedha za kujenga vijia vya waendao kwa miguu, taa na vivuko, na za kununua dawa za shinikizo la damu zisizokwisha katika zahanati. Mkifanya hivyo, tutajua kwamba mlitembea kweli.

Nawe msomaji, usingoje kaunti iamke. Jumamosi hii mwite jirani yako, mwite na dada yako anayeuza mitumba, mwite na kijana wako wa pikipiki. Tembeeni nusu saa, mpitie zahanati iliyo karibu, mpimwe, mkumbuke tarakimu zenu kama mnavyokumbuka namba za simu. Juma lijalo rudieni. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.